Dawa za sonona na kuipata tiba inayokufaa: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Nimeugua sonona mara mbili, nimetumia dawa mbili tofauti na nimekaa miezi mingi kwa mshauri nasaha. Tangu nianze kulisema jambo hili waziwazi, wateja huniuliza wakija kupima nguo. Wengine huaga kabisa, wakafika mlangoni, kisha wakarudi kuninong'oneza. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu ninayowapa. Sikusomea udaktari. Kiwango chochote cha dawa nitakachokitaja hapa ni kile nilichoandikiwa mimi, kwa mwili wangu, na wewe utaandikiwa cha kwako.

Nitajuaje kama hii ni sonona au ni mawazo tu ya maisha?

Mawazo kila mtu anayo: ada, kodi ya chumba, mgonjwa nyumbani. Daktari huangalia mambo mawili, muda na namna unavyoendesha maisha yako. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni au huna hamu na vitu ulivyokuwa unavipenda, na juu yake usingizi umevurugika, chakula hakipiti, unachoka bila kufanya kazi, unajilaumu kwa kila kitu au unatamani usiamke, hapo nenda ukaonwe.

Shida yetu ni kwamba wengi hatusemi "nina huzuni". Tunasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili umekufa ganzi, tumbo linavuta. Mimi nilipimwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili kabla ya mtu yeyote kuniuliza nalala vipi. Kilichonishtua mwenyewe kilikuwa blauzi moja. Ilikuwa imeshakatwa, mikono imebanwa kwa pini, imebaki kushonwa tu, kazi ya saa moja. Ilikaa juu ya meza siku kumi na moja. Kila asubuhi nilikaa mbele yake nikaitazama mpaka adhuhuri, kisha nikafunga mlango na kurudi kulala.

Hospitali walinipa dodoso la maswali tisa linaloitwa PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 27, na ukifika 10 daktari anaanza kukufuatilia kwa karibu. Mimi nilipata 19. Walinitoa damu pia, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kumfanya mtu aonekane ana sonona. Usipopimwa damu, uliza kwa nini.

Dawa yako ya kwanza ilikuwa ipi, na kwa nini uliibadilisha?

Ilikuwa amitriptyline. Ni dawa ya zamani, Marekani iliidhinishwa mwaka 1961, na mpaka leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bei yake ni nafuu na vituo vingi vinaifahamu. Nilianza na miligramu 25 usiku, ikapandishwa polepole hadi 75.

Usingizi ulirudi wiki ile ile ya kwanza. Nisiikosee shukrani: baada ya miezi miwili ya kuhesabu mabati ya dari, kulala saa saba mfululizo kulikuwa kama kuoga baada ya safari ndefu. Lakini mdomo ulikauka hadi ulimi ukawa unagandia kaakaa, choo kikawa kigumu, na asubuhi nilikuwa mzito kama niliyemwagiwa saruji. Halafu siku moja nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nililamba ncha ya uzi, nikaikata upya kwa mkasi, nikasogea dirishani kwenye mwanga. Uzi ulikuwa unapita pembeni ya tundu kila mara. Kazi niliyoifanya tangu nina miaka kumi na minne! Nililia nikidhani macho yamekufa.

Nilipomweleza daktari alisema, "Mama, macho yako mazima. Hiyo ni dawa." Amitriptyline huweza kufanya mtu aone ukungu kwa vitu vya karibu. Kwa mkulima pengine ingekuwa kero ndogo, lakini kwa fundi cherehani ni kukosa mkate. Daktari akanishusha taratibu kwa wiki mbili kisha akaniandikia fluoxetine, miligramu 20 asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dawa inayokufaa huchaguliwa kwa kuangalia kazi yako, usingizi wako, magonjwa yako mengine na mfuko wako. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

Dawa inachukua muda gani kufanya kazi?

Wiki mbili hadi nne kuanza kuleta unafuu, wiki sita hadi nane kuonyesha uwezo wake wote. Muda huu ndio unaowashinda wengi, kwa sababu maudhi madogo madogo hutangulia na nafuu huja nyuma yake.

Wiki ya kwanza ya fluoxetine nilikuwa na kichefuchefu kama cha mimba changa, na wasiwasi uliniongezeka. Nilisogeza kidonge kikawa baada ya chai ya asubuhi, kichefuchefu kikapungua siku chache baadaye. Siku ya kumi na tisa nilikuwa nakunja pindo la sare ya shule, mdogo wangu akasimama mlangoni na sufuria mkononi akasema, "Dada, umeimba." Mimi sikuwa nimejisikia. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi: walio karibu nawe huona mabadiliko kabla yako. Kwa hiyo usiyapime maendeleo peke yako. Muulize unayeishi naye.

Shemeji yangu alipona kwa dawa fulani. Nami niombe hiyo hiyo?

Mtajie daktari, ni taarifa yenye maana, hasa kama ni ndugu wa damu. Ila usiazime vidonge vyake.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona, yenye washiriki zaidi ya 116,000. Dawa zote zilishinda vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani, na tofauti kati ya dawa na dawa haikuwa kubwa. Utafiti mwingine wa Marekani, STAR*D, uliwafuata wagonjwa wapatao 4,000 waliokuwa wakitibiwa kama mimi na wewe tunavyotibiwa. Kwa dawa ya kwanza, karibu theluthi moja tu ndio waliopata nafuu kamili. Waliobaki walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa kitu.

Mimi takwimu hizo hunituliza. Zinasema kwamba dawa ya kwanza ikikataa hujashindwa wewe. Upo kwenye kundi kubwa la watu, na bado kuna ya pili na ya tatu.

Kwenye duka la dawa walinipa Diazepam, nikalala vizuri. Si inatosha?

Hapana. Diazepam inatuliza na kulaza, lakini haitibu sonona, na mwili huizoea ndani ya wiki chache mpaka unadai zaidi. Daktari anaweza kuiandika kwa siku chache kwa sababu maalumu. Kujinunulia mwezi baada ya mwezi ni kujifunga kamba.

Je, dawa za sonona nazo zina uraibu? Nitazimeza maisha yote?

Hazikufanyi uzitamani kama mlevi anavyotamani pombe, wala huhitaji kuongeza dozi ili upate raha ile ile. Lakini mwili unazizoea, na ukiacha ghafla unalalamika: kizunguzungu, hasira, ndoto kali, na wengine husikia kama shoti ya umeme inapita kichwani. Paroxetine na venlafaxine zinajulikana sana kwa hilo. Fluoxetine hutoka mwilini polepole kwa wiki kadhaa, kwa hiyo huwa na usumbufu kidogo.

Kuhusu muda, daktari wangu aliniambia niendelee walau miezi sita baada ya kupona, na ikiwezekana hata mwaka. Elewa vizuri: hesabu inaanza siku uliyopona, si siku uliyoanza kumeza. Mimi sikumsikiliza. Mwezi wa tatu nilijiona mzima, nikaona kila kidonge kinanikumbusha ugonjwa, nikaziweka kwenye kopo la vifungo nikaacha. Wiki saba baadaye nilikuwa nimerudi kitandani. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza kwa sababu iliongezeka aibu. Watu waliougua mara nyingi huambiwa waendelee miaka miwili au zaidi, na hilo ni la kuzungumza na anayekutibu.

Kuacha kunafanywaje basi?

Taratibu, na daktari akijua. Chagua kipindi ambacho maisha yametulia. Usichague mwezi wa msiba au wa kuhama nyumba. Mara ya pili nilipunguza kwa muda wa miezi mitatu, na mdogo wangu alijua tarehe zote ili aniambie akiniona nabadilika.

Ni kweli zinaharibu tendo la ndoa?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Hamu hupungua, mwanamume huchelewa kumaliza, mwanamke hushindwa kufika kileleni. Hutokea zaidi kwa dawa za kundi la fluoxetine, sertraline, paroxetine na escitalopram. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu naamini ndilo linalowafanya watu wengi kuacha dawa kimyakimya huku nyumbani ugomvi ukianza. Sonona yenyewe nayo huua hamu, kwa hiyo jitahidi kukumbuka hali ilikuwaje kabla ya dawa.

Mimi nilimwambia daktari huku natazama sakafu. Hakucheka wala hakushangaa. Alinieleza kuna njia: kusubiri kidogo, kupunguza dozi, au kubadilisha dawa. Sisi tulisubiri, na mwezi wa pili mambo yakarudi kiasi cha kuridhisha. Kwa wengine hayarudi mpaka wabadilishiwe. Mwambie na mwenza wako pia, asije akadhani amechokwa.

Ninatumia dawa nyingine. Kuna hatari?

Hapa ndipo ninapowasihi watu wasifiche kitu. Mpelekee daktari mfuko mzima wa dawa zako, za hospitali na za mitishamba.

Tramadol ikichanganywa na dawa nyingi za sonona inaweza kuleta hali ya hatari: kutetemeka, homa, jasho, kuchanganyikiwa, hata degedege. Diclofenac na ibuprofen, ambazo tunazinunua kama pipi kwa ajili ya mgongo, zikichanganywa na kundi la fluoxetine huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, taja ni zipi, kwani baadhi huingiliana na dawa za sonona, na efavirenz iliyotumika kwa miaka mingi inaweza yenyewe kuleta ndoto mbaya na huzuni. Ukiugua malaria, sema unatumia dawa ya sonona kabla ya kuandikiwa dawa mseto, kwa sababu mchanganyiko fulani unagusa mapigo ya moyo. Amitriptyline inahitaji uangalifu kwa mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho, kifafa, au mzee mwenye tezi dume.

Pombe inarudisha nyuma kazi yote, na ikikutana na amitriptyline inakulaza vibaya.

Jambo la nyumbani: amitriptyline ikimezwa kwa wingi huua kwa kuuvuruga moyo, na mtoto mdogo hahitaji vidonge vingi. Iweke juu, ifungiwe.

Niliwahi kuwa na kipindi cha furaha kupita kiasi, silali na nina mipango mia. Lina uhusiano?

Lina uhusiano mkubwa. Mweleze daktari kabla hujameza kidonge cha kwanza. Kama ugonjwa wako ni ule wa hisia kupanda na kushuka, dawa ya sonona peke yake inaweza kukurusha juu hadi ukauza shamba. Tiba yake ni nyingine. Na kama tayari unatumia dawa ukaanza kuona huhitaji usingizi, unaongea bila kupumua na pesa inakutoka ovyo, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mwezi wa Ramadhani nitafanyaje?

Dawa nyingi za sonona humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo zinaingia kati ya futari na daku bila shida. Fluoxetine wengi huiweka daku, amitriptyline baada ya futari. Zungumza na daktari Shaabani haijaisha, usisubiri usiku wa mwezi kuandama. Mwenye hali mbaya ana ruhusa ya mgonjwa, na hilo hata shehe wako atakuthibitishia.

Nina mimba, au nanyonyesha.

Usiache ghafla na usiendelee bila kusema. Sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto. Kwa wanaonyonyesha, sertraline huchaguliwa mara nyingi kwa kuwa inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Paroxetine kwa kawaida huepukwa miezi ya mwanzo ya ujauzito. Uzito wa kila upande mtaupima wewe na daktari, na mapema ni bora, hata kabla ya kushika mimba.

Ushauri nasaha unaweza kutosha bila vidonge?

Kwa sonona nyepesi, mara nyingi ndiyo. Kwa ya wastani, dawa na mazungumzo vinashindana vizuri, na vikiungana vinasaidia zaidi. Kwa ile kali, kama mtu hali, haongei, au anawaza kifo, usimcheleweshe na maongezi peke yake.

Wengi hudhani ushauri nasaha ni anasa ya Ulaya. Basi tazama Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza mabibi wa mitaani Harare wakae kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuongea na wenye kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ile ile ya "mawazo mengi" tunayoyasema sisi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilikuwa na watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na mabibi walikuwa takriban 14 katika kila 100, ilhali waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Uganda nako, mwaka 2003, ulichapishwa utafiti wa vikundi vya vijijini Rakai na Masaka vilivyokutana kwa wiki 16 kuzungumza misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, na sonona ilipungua sana.

Kwangu mimi mambo yalikwenda hivi. Mara ya kwanza nilimeza dawa tu. Niliinuka, nikashona, lakini sikuwahi kumwambia mtu kwamba yote yalianza baada ya kumzika mwanangu wa pili, wala kwamba nilikuwa najilaumu kwa kuchelewa kumpeleka hospitali. Mara ya pili nilikaa na mshauri nasaha, mama mtu mzima ambaye kila Alhamisi nilimwamkia shikamoo na kisha nikanyamaza. Alhamisi ya nne nilisema. Ilichukua Alhamisi nyingi baada ya hapo. Kidonge kilinipa nguvu ya kutoka nyumbani kwenda kwake, lakini lile jambo la mwanangu kidonge hakikuwa na namna ya kulifikia.

Maombi je? Na mganga?

Mimi ninasali, na sikuacha kusali nilipokuwa nameza dawa. Ninachokataa ni mtu kuambiwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Mganga akikupa vya kunywa, mpelekee daktari jina lake au hata majani yenyewe. Anayekufunga kamba, kukupiga au kukufungia chumbani kwa jina la tiba, ondoka kwake.

Ninawaza kujiua. Nianzie wapi?

Anza kwa kumwambia mtu mmoja leo, kwa maneno yaliyo wazi: "Nawaza kujiua, usiniache peke yangu." Kisha mwende pamoja hospitali yenye huduma za dharura, usiku au mchana. Mwombe aziweke mbali dawa zote, sumu za shambani na kamba. Walioko Kenya wanaweza kupiga bure 1199, simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu.

Na hili lijulikane kwa wazazi: kwa watoto na vijana chini ya miaka 25, wiki za kwanza za dawa, na kila dozi inapobadilishwa, mawazo haya yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo mwaka 2004 kwa watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 ikalipanua hadi walio na miaka 24. Maana yake ni kumkaa karibu kijana na kumrudisha kliniki mapema. Haina maana ya kumnyima tiba.

Mimi niliwaza. Nilimwambia mdogo wangu saa nane usiku, akalala mlangoni kwangu kwenye mkeka mpaka kulipokucha. Asubuhi tukaenda.

Daktari ana dakika kumi tu. Nimwambie nini?

Nenda na daftari. Langu lilikuwa daftari lile lile la vipimo vya wateja, nililigeuza nikaandika kutoka nyuma. Kila jioni mstari mmoja: nimelala saa ngapi, nimekula mara ngapi, nimeshona nini, moyo kati ya 0 na 10, na maudhi ya dawa. Mfano, "Jumanne. Saa nne. Mara moja. Sketi nusu. 3. Mdomo mkavu." Nilipompa daktari kurasa tatu alizisoma kwa dakika mbili akaona alichohitaji. Swali la "unaendeleaje" huwa linanifanya niseme "salama tu". Daftari halikuwa na adabu hiyo.

Muulize mambo manne: kwa nini dawa hii na si nyingine, nitegemee nini wiki ya kwanza, nirudi lini, na tutafanya nini isiponisaidia. Hospitali moja niliyoanzia sikuambiwa hata moja kati ya hayo. Nilipewa bahasha ya vidonge tu, nikahama.

Dawa ikikosekana au pesa ikiisha?

Usikae mpaka kidonge cha mwisho. Nilijiwekea alama: vikibaki kumi, naanza kutafuta. Fluoxetine na amitriptyline zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu duniani, kwa hiyo ndizo rahisi kupatikana. Ukiandikiwa ya gharama, sema wazi kwamba huimudu, uandikiwe unayoweza kuinunua mwezi wa sita kama ulivyoweza mwezi wa kwanza. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kusaidia wasio na uwezo, ila lazima umwone mwenyewe.

Mke wangu anaumwa. Mimi nimfanyie nini?

Usimwambie ajikaze, maana kujikaza ameshajaribu kabla yako. Msindikize kliniki, mkumbushe kidonge bila kumsimamia kama askari, mpikie, mchukulie watoto saa moja. Mdogo wangu alikuwa anakuja kila asubuhi, anafungua dirisha, anaweka chai, anakaa. Hakunihutubia hata mara moja. Siku niliyoweza, nilimwomba anipe ile blauzi.